Neno Moja Ni Lako

Chumba namba 6,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na usizisome kwa haraka. Hujambo? Mkono wa kulia unaendeleaje? Mkeo aliniandikia kwamba tangu kiharusi kile unatembelea fimbo na maneno yanakukwepa. Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yameanza ukaidi.

Huku nina kesi. Mwanangu mkubwa alikuja Jumapili, akafungua droo kutafuta mkasi, akakuta magazeti kumi na moja yamekunjwa kwenye ukurasa wa chemshabongo ya maneno. Yote nimeyajaza kwa wino, ila kila moja nimeliachia neno moja bila kulijaza. Akayatandaza mezani kama ushahidi wa polisi. "Mama, akili imechoka. Utahamia kwangu, chumba tumrudishie mwenye nyumba."

Akili gani iliyochoka? Wiki hiyo hiyo nilifumbua fumbo hili: "Humeza mamia asubuhi, huwatapika alasiri. Herufi tano." Nikajaribu mamba, nikajaribu chatu, kumbe mtunzi ananizuga tu, wala hazungumzii kula. Ni shule. Nami niliyeifagia shule miaka thelathini! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi nikamweleza desturi yetu, kwamba tangu uhamie huko, anayetangulia kujaza humwachia mwenzake neno moja, kisha gazeti huenda posta. Nikamwambia pia kwamba tangu uugue nimekuwa nikiyaweka, kwa sababu yeye na nduguze wenyewe walinikataza kukusumbua. Akasema, "Haya, yajaze mbele yangu, nitakuamini."

Nikashika kalamu. Majibu yote kumi na moja ninayo kichwani. Kisha nikaifunga kalamu, nikamwambia, "Hayo si maneno yangu, ni ya mjomba wako." Akaondoka amenuna, na Jumamosi anakuja na gari kubeba vitu. Aje. Kitanda hakitoki mlango huu bila mimi juu yake.

Nilichokosea ni kuwasikiliza, na hilo linaniuma. Wewe si mtu wa kuwekwa kabatini. Nakutumia yote kumi na moja. Andika kwa mkono wa kushoto, hata kama ni mwandiko wa kuku, hata kama neno moja litakula mwezi. Mkeo asikunong'oneze, nitajua.

Nisalimie mkeo huyo mwenye subira, na binti yako fundi saa. Mungu akupe nguvu mkononi na akurudishie maneno yako, hata yale ya kunitania.

Ukimaliza hata gazeti moja tu, nirudishie. Nitalibandika mlangoni kwa nje, mwanangu alisome kabla hajabisha hodi. Usiulize anwani. Ni hiyo hiyo ya juu.

Dada yako akupendaye,
wa chumba namba 6.