Moyo wa Tabea na Panga la Lesikar

Poli, Meru,
14 Juni, 1957

Mpendwa Kaka Mika,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Maria na watoto hamjambo huko Tanga. Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa, lakini shambani haachi kwenda.

Habari za dada yetu Tabea umezisikia nusunusu, basi nakueleza zote.

Tangu mwaka jana alikuwa hawezi kupanda kutoka mtoni bila kutweta. Miguu ikavimba, tumbo likajaa maji. Mumewe, Lesikar, akasema ni uvivu, akampiga mbele ya binti yao, Resiato. Mdogo wetu Sumari na mimi tukampeleka hospitali mjini.

Daktari alisema mlango mmoja ndani ya moyo umekakamaa, na Nairobi yuko mpasuaji awezaye kuufungua. Lakini hakumruhusu kwenda. Alitazama mishipa ya shingo iliyotutumka, akamkandamiza ini chini ya mbavu, mishipa ikazidi kupanda. Akatuambia, "Upande wa kulia wa moyo umechoka kusukuma damu. Akipasuliwa hivi, atafia mezani. Kwanza tumtoe maji."

Lesikar aliposikia mkewe atapasuliwa kifua, alikuja wodini na panga. Alimshika Tabea mkono akamwangusha kutoka kitandani, akamburuta. "Mke wangu hachinjwi na mtu mwingine," akasema. Sumari akajitupa katikati, panga likamkata mkono mpaka mfupa ukaonekana. Mimi nilimpiga Lesikar kichwani kwa beseni la chuma, nikampiga tena alipoanguka, wala sijutii. Askari walipomtia pingu, damu ilikuwa imetapakaa mpaka ukutani, na Tabea amelala sakafuni, midomo imekuwa myeusi. Nilidhani amekufa.

Hakufa. Walimchoma sindano za kutoa maji, na kila asubuhi daktari alirudi kupapasa lile ini na kutazama shingo. Ini likanywea, mishipa ikashuka, akaweza kulala bila kuegemea mito. Ndipo daktari akasema, "Sasa upande ule utastahimili."

Nairobi nilimsindikiza mimi. Mpasuaji alipitia kati ya mbavu, akatia kidole ndani ya moyo unaodunda, akaupasua ule mlango. Leo Tabea anatembea mpaka kanisani bila kupumzika. Mkono wa Sumari umepona, ila vidole havikunjiki.

Sasa Lesikar anatoka jela mwezi ujao. Ametuma neno kwamba anakuja kumchukua mkewe, na wazee wa kwao wanasema ni haki yake. Tabea ameniambia, "Nikirudi kule, ni afadhali wangeniacha pale sakafuni."

Kwa hiyo Kaka, sikuombi ruhusa. Namleta kwako yeye na Resiato. Barua hii ikikufikia tutakuwa ndani ya gari moshi. Tupokee stesheni, na usimwambie mtu wa huku kwamba tumefika.

Mama na Sumari wanakusalimu sana. Mungu ailinde nyumba yako na wote watakaolala ndani yake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Eunike