Mwalimu Seif Anataka Nikumbuke Miaka Mitatu

Ibra, Ijumaa, Julai 1979

Upepo wa leo unatoka jangwani tangu asubuhi, wa moto kama mtu kafungua tanuri. Ni siku ya mapumziko, lakini mgongo haujui Ijumaa. Wiki nzima nimebeba matofali ya saruji ya skuli mpya, na ukuta wa uani hata haujaanzwa.

Nina jambo linanikera.

Baada ya sala alikuja Mwalimu Seif hapa kambini. Ni mume wa binamu yangu, na zamani kwetu Pemba ndiye aliyenisomesha darasa la tano, kabla sijaacha skuli. Sasa anasomesha Nizwa. Mwaka wa nne huu niko Oman, na hajawahi kukanyaga hapa. Leo kaja na kopo la halwa, kanzu imenyooka kwa pasi, akaketi kwenye mkeka wetu kati ya viatu vyenye saruji.

Suleiman, mwenzangu wa chumbani, mtu wa Ujiji, hakungoja hata mgeni aondoke. "Kula polepole, Salum," akanambia. "Halwa hiyo ina mfupa ndani."

Mfupa ulitoka baada ya kikombe cha tatu cha kahawa.

Kumbe kuna kozi. Ya mwaka mmoja, kwa watu wenye digrii tayari, wanaotaka kuwa wakuu wa elimu wa wilaya nzima, wawe juu ya skuli zote na walimu wakuu wote. Bila cheti cha kozi hiyo mtu hapandi. Wilaya anayoitaka Mwalimu ni hii yetu. Digrii anayo. Linalomkwamisha ni sharti moja: awe ameongoza skuli miaka mitatu. Anasema aliongoza ile yetu ya Pemba, na karatasi zilibaki huko. Kwa watu kama sisi, tuliotoka visiwani bila karatasi, wanakubali mashahidi wawili. Mmoja kashampata.

"Kwa nini mimi, Mwalimu? Maskati wamejaa jamaa zako wenye ofisi."

"Hao walikuwa mjini Unguja. Wewe ulikuwa darasani kwangu."

Ni kweli. Na hapo ndipo ninaposhuku. Uongo mtupu ningeujua mara moja.

Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Haji. Lakini aliugua, na nakumbuka Mwalimu Seif ndiye aliyeshika funguo, akapanga vipindi, akawapokea wazee waliokuja kulalamika. Muda gani? Karafuu zilichumwa na kuanikwa, bado ni yeye. Kisha Mwalimu Haji akarudi na bakora yake. Miezi mitano, labda sita.

Alinisomea barua ya ushahidi anayotaka niiapie. Ni Kiarabu cha serikali, na changu ni cha kusomea Kurani na kununulia samaki. Akaifasiri: "Aliongoza kwa miaka kadhaa." Lakini kwenye mstari ule kuna tarakimu, na tarakimu nazijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kugawanya.

"Mwalimu, hapa si kadhaa. Hapa ni mitatu."

Akacheka. "Wallahi hujasahau hesabu! Kwani mitatu si kadhaa?"

Alipoona sicheki, akashusha sauti. Skuli hii tunayoijenga itataka farrash, mtu wa kufungua milango na kuwapikia walimu chai. Kivulini. Kazi ya serikali. "Nikishakaa kwenye kiti, nani atanibishia nikikutaja?"

Nikamwambia nitafikiri. Kesho alfajiri atanipitia na gari twende Nizwa, na huko ofisa atanihoji kwa kiapo.

Mtu anayemficha kibarua tarakimu moja, akipewa skuli za wilaya nzima ataficha nini?

Na upande wa pili: Mwalimu Haji alipokuwa kitandani, nani aliyetufungulia milango kila asubuhi? Pengine Seif anastahili kuliko wengi wenye karatasi zao kamili. Sijui.

Ninayemshuku zaidi ni mwengine. Alasiri nilijinyoosha sakafuni, mgongo unaniwaka, nikaanza kukumbuka tena. Nikakumbuka kwamba Mwalimu Haji hata aliporudi alikuwa bado anakohoa, na siku nyengine funguo zilibaki kwa Seif. Ikawa mwaka. Nikafikiria kiti cha farrash pale mlangoni, na birika la chai. Ikawa mwaka na nusu.

Sijawahi kuwa na kumbukumbu nzuri hivi.

Kwa hivyo nimeamua. Kesho, kabla sijaingia garini, nitamwambia: "Mwalimu, kazi ya farrash mpe mwengine." Nitasema mbele ya Suleiman, ili nisiweze kulirudisha neno langu. Kisha njia nzima hadi Nizwa nitahesabu upya, mgongo huu huu ukiniuma. Miezi itakayobaki ndiyo nitakayoiapia.