Shule Iliyokwenda Ronjo

Shule ya bweni, Ngorongoro,
9 Aprili 1982

Kaka yangu mpendwa Koinet,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini huko kambini Tabora hujambo, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku ni wazima. Baba na mama wanakusalimu, ng'ombe wamenona, na mvua imenyesha mpaka barabara ya Kakesio haipitiki. Binti yako Naisula naye ni mzima, amerefuka kweli.

Uliniuliza katika barua yako mbona sikwambii habari za masomo yake. Nilikuwa nakwepa. Leo nakwambia, ingawa mkono ni mzito.

Kiangazi cha mwaka jana alikuja bwana mmoja wa wilayani na Landrova yake. Alisema shule yetu ya Kakesio ina wanafunzi wachache na mwalimu mmoja, ndiye mimi nisiyepita chuo, kwa hiyo imeamuliwa iunganishwe na hii ya bweni. Baba alikuwa ameshaapa kwamba haitoki. Alisema wazee ndio waliouza madume wakanunua mabati, kina mama ndio waliokandika kuta, serikali ilileta chaki tu. Wazee wote walimuunga mkono.

Yule bwana hajui Kimaasai, nami nikawa mkalimani. Alisema shule inahamishwa. Mimi nikawaambia wazee kwamba shule inakwenda ronjo.

Ronjo, kaka! Ng'ombe wakienda ronjo, kambi ya malisho ya mbali, wakati wa kiangazi, si hurudi mvua zikinyesha? Wazee walitazamana, wakacheka. Baba alisema kumbe serikali nayo inajua kuchunga, akasimama akaibariki safari. Vijana walipanda wenyewe kung'oa mabati, wakayapakia kwenye lori huku wakiimba. Yule bwana alinipa mkono, akanisifu kwamba nina ulimi mtamu.

Januari wazazi waliagizwa walete watoto bwenini. Hakuna aliyeleta. Baba aliuliza kwa nini watoto wadogo wakalale mbali na mama zao ilhali shule yao inarudi. Nafasi zao wakapewa watoto wa kutoka Karatu, na ya Naisula ikaenda humo humo.

Sasa mvua ndiyo hii. Juzi Kasaine, balozi wetu wa nyumba kumi, alitembea mpaka hapa na ujumbe wa baba. Kina mama wamekandika kuta upya kwa samadi, Naisula amefua sare yake, na baba anauliza lori linakuja lini. Nilijibu kwamba barabara ni mbovu. Kasaine akatazama juu ya nyumba ninayolala, akauliza kama yale si mabati yetu. Nikasema ndiyo, yamehifadhiwa. Akashukuru, akanywa chai, akaondoka.

Utasema neno liliniponyoka. Wazee nao wakijua watasema hivyo, maana wananipenda. Halikuniponyoka, kaka. Kabla ya mkutano yule bwana aliniambia kwamba wazee wakikubali nitaajiriwa hapa, nipewe nyumba, na baadaye nipelekwe chuoni. Wakikataa, nirudi kuchunga. Nikatafuta neno ambalo baba hawezi kulikataa, nikalipata, na lilinijia upesi. Naona aibu hata kuliandika. Kila asubuhi nafundisha watoto wa watu kusoma, na wako yuko zizini na ndama.

Nakuomba uombe ruhusa, uje umwambie baba kwa mdomo wako. Usimwandikie. Barua zake hupitia sanduku la shule hii, na anayemsomea ni mimi. Najijua. Nitaanza vizuri, nitamtazama usoni, halafu nitatafuta neno jingine.

Wasalimie wenzako wa kambini, nawe ujitunze na baridi ya asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Tajewo