Bulon za kule angani

Alhamisi, jioni

Wamenipa distinction, alama za juu, na simheshimu hata mmoja wao.

Bon. Leo nimetetea kazi yangu ya mwisho wa masomo mbele ya juri ya watu watatu: namna ya kuunganisha vyuma vya nyumba inayojengwa angani. Nimeeleza bulon, yaani bolti za kukazwa kwa spana, gundi, kuchomelea, hata vyuma viwili visafi vinavyoshikana vyenyewe kwa sababu kule hakuna hewa. Wa kwanza alichezea simu. Wa pili alisinzia mdomo wazi. Prezida wao, mutu ambaye hajawahi kuchomelea hata mguu wa kiti, akauliza: "Na courant itatoka wapi, mademoiselle, ku Tshopo?" Wakacheka wote, maana umeme wa bwawa la Tshopo hautoshi hata mji wetu. Hilo ndilo lilikuwa swali lao pekee, kisha wakaulizia bia.

Nimewatukana kimoyomoyo njia nzima mpaka nyumbani.

Papa, ambaye kazi yake ni kutengeneza milango ya chuma, alikuwa ameketi viti vya nyuma mle ukumbini, ndani ya sale, na koti lake la misa. Tulipokuwa tunakula pondu, akaniuliza polepole: "Mama, mutu akikaza bulon kule, na chini hakuna kitu ya kukanyaga, ni bulon itazunguka ao ni yeye?"

Nikaacha kutafuna.

Ni yeye. Kurasa sitini, na sikuandika popote mfanyakazi ataegemeza wapi miguu yake.

Donc mle ndani wajinga tulikuwa wanne, na distinction nimepewa mimi.