Chupa Nane za Mafuta

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo, nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima, tena tuna furaha ya kumwaga, ndiyo maana nimeshika kalamu kabla hata ya kufagia vipande vya nguo.

Mwanao Kelele (jina ulimpa mwenyewe, sasa ulibebe) amemaliza chuo cha muziki. Jumamosi kazi yake ya mwisho ilipigwa mbele ya walimu. Dada, haina wimbo, haina hata pa kuitikia. Ina fidla mbili, bati moja la kugongwa, na cherehani ya marehemu mama, mpigaji nikiwa mimi. Nilimuuliza huo ni muziki gani usioimbika. Akaniambia nifumbe macho, akanipa kaki, kisha satini. Akasema, "Mama, rangi huioni, lakini vidole vinajua. Nataka masikio yashike sauti hivyo." Hapo nikaelewa, maana kitambaa nakijua.

Inaanza na ule mlio wa pedali, mkavu, wa kukwaruza. Fidla zinauiga mpaka hujui chuma ni kipi na uzi ni upi. Wapigaji walihangaika nao mwezi mzima. Sasa mimi, Ijumaa, haya ikanishika: wasomi wale wasikie cherehani yetu inalia kama mlango wa stoo? Nikaimiminia mafuta. Kesho yake kwenye mazoezi nikakanyaga, kimya. Fidla zikabaki zinamngoja mtu asiyekuja. Kelele hakunigombeza. Aliinama, akanusa pedali, akasema polepole, "Mama, umemziba mdomo mwimbaji wangu."

Nilisali nikiwa chini ya cherehani, mkononi tambara la mafuta ya taa. Tulifungua skrubu, tukafuta, tukakausha. Mpiga fidla mmoja alikunja mikono ya shati lake jeupe. Shati ndiyo basi tena. Zimebaki dakika chache watu waingie, ikalia, na sisi tukacheka mpaka machozi. Mbele ya walimu nilishona kaki, sauti ikawa nene. Nikashona satini, ikawa nyembamba kama pumzi. Walimu walisimama kupiga makofi. Kiongozi wetu wa kwaya alisema hakuelewa kitu, ila nywele zilimsimama.

Sasa nitubu kwako. Kila mwaka unanitumia chupa ya mafuta, nami nakujibu nimeshatia. Sikutia. Chupa zote nane ziko chini ya kitanda, na ya kwanza kufunguliwa ni ya Ijumaa hiyo. Tangu tumzike mama sikuweza, mpaka haya ya Ijumaa iliponishinda. Mlio ule ndio uliokuwa ukituamsha sisi wawili, akishona sare za watu kabla ya sala ya asubuhi. Kelele sikuwahi kumwambia. Aliuchagua mwenyewe, kwa masikio yake, na Jumamosi ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza mama.

Nisamehe, dada, na mafuta usitume tena. Ukitaka kutuma kitu, tuma uzi mweusi, au ujilete mwenyewe uisikie ikilia.

Mwambie shemeji namwombea.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi