Karatasi ya Mahudhurio

Nairobi, 3 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Natumai barua hii inawakuta wazima, na goti la mama limepata nafuu. Mimi sijambo. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani anaishika wifi Everlyne, na akishasoma jambo, Tezo nzima imelisoma.

Nimepata mafunzo ya kazini, miezi mitatu, katika kampuni ya ushauri hapa Nairobi. Bila ripoti ya msimamizi wangu, Bi Kavata, siwezi kumaliza mwaka wa tatu. Uliniuliza mtu anayesoma Uhusiano wa Kimataifa pamoja na Lugha ya Kiingereza huajiriwa kufanya nini. Jibu la kwanza ni hili: Jumamosi tarehe 11 nakuja Tezo na wageni wawili wa kampuni ya umeme wa jua. Wanataka kukodi malisho ya kijiji. Wataeleza kwa Kiingereza, mimi nitafasiri, kisha nitapitisha karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Uamuzi utangoja baraza la pili.

Tafadhali usiwasimulie wageni nilivyokuwa nikilia nikipelekwa chekechea.

Mwanao,
Mbeyu

Tezo, 29 Juni 2024

Mwanangu Mbeyu,

Pokea salamu zetu. Hatujambo sote, mama yako anatembea bila fimbo na mahindi yamefika kiunoni.

Siku ile ulifasiri vizuri. Bibi Nyevu, ambaye hasifu mtu, alisema alielewa hata pale mgeni mwenyewe alipokuwa hajielewi. Sasa sikiliza. Jumanne watu watatu waliingia malishoni wakapiga vigingi. Tulipokwenda kwa chifu alituonyesha nakala ya ombi la kukodi, miaka thelathini, na nyuma yake majina sitini na matatu ya waliokubali. La kwanza ni langu.

Jioni jirani yetu Garama alikuja nyumbani. Hakuketi. Alinikumbusha kwamba barazani alikuuliza mara mbili nambari ya kitambulisho ni ya nini.

"Akaniambia ni mahudhurio tu, mzee," alisema. "Nilitia sahihi kwa sababu ni mwanao."

Nilimwahidi kwamba nitakuuliza. Karatasi ile ilikuwa ya nini?

Babako,
Randu

Nairobi, 6 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mama ameiacha fimbo. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeifungua faili. Karatasi niliyoipitisha ilikuwa na ukurasa wa juu ulioandikwa Mahudhurio. Ukurasa huo umeondolewa, ukabandikwa mwingine unaosema kwamba wenye sahihi zifuatazo wamekubali. Majina ni yale yale, na mwandiko ni wenu. Baraza la pili halikupangwa.

Nilimwuliza Bi Kavata. Hakukasirika. Alisema kila mahali hufanywa hivyo, kwani asiyetaka mradi huwa haji barazani. Kisha akaniuliza kama nimeanza kujiandaa kwa ripoti yangu.

Pingamizi linapokelewa ofisi ya ardhi, Kilifi, hadi tarehe 31 Julai. Linahitaji kiapo cha mtu aliyeipitisha karatasi ile, aeleze ilikuwa ya nini. Mtu huyo ni mimi. Nikiapa, ripoti hakuna, na mwaka wa tatu nitaurudia.

Mwanao,
Mbeyu

Tezo, 12 Julai 2024

Mbeyu,

Hatujambo. Barua yako imefika.

Usiape. Maliza masomo. Sisi wa kamati ya malisho tumekaa, na tutaandika kwamba baraza lilikuwa la Kiingereza na hatukuelewa kilichosemwa. Ofisini hakuna atakayeshangaa. Garama hakupenda. Wewe usiandike kitu.

Babako

Malindi, 26 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Natumai nyote ni wazima. Niko Shella, kwa kina Jedida, ninayesoma naye chuoni. Sikupita nyumbani kwa sababu ungenizuia.

Mkiandika kwamba hamkuelewa, mtakuwa mmeandika uongo, na uongo huo unanihusu. Mlielewa. Bibi Nyevu aliuliza mbuzi watapita wapi. Nikamfasiria mgeni, mgeni akajibu, nikamrudishia bibi, naye akauliza tena kwa ukali zaidi. Asiyeelewa haulizi mara ya pili.

Kwa miaka mitatu nimefundishwa mambo mawili: kwamba hakuna makubaliano mpaka pande zote zijue zinakubali nini, na namna ya kuyaandika ili yasigeuzwe. Barazani, jambo la kwanza lilikwenda sawa. Lililoharibiwa ni la pili, lile la kuandika, na liliharibiwa ofisini nilimokaa mimi.

Nimeapa jana mbele ya wakili. Leo asubuhi nimepeleka pingamizi Kilifi kwa mkono wangu, likapigwa muhuri. Bi Kavata nimemwandikia. Amejibu kwa mstari mmoja kwamba nisirudi. Chuo kimeniambia nitaanza mwaka wa tatu upya mwezi wa tisa.

Usinijibu ukiwa na hasira.

Mwanao,
Mbeyu

Tezo, 28 Septemba 2024

Mwanangu Mbeyu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, na Everlyne anauliza sisi wawili tuna siri gani ya kuandikiana barua.

Nimekawia miezi miwili. Nilikuwa na hasira wiki moja tu. Muda uliobaki nilikuwa nangoja niwe na jambo la kukwambia.

Ombi lilirudishwa mwezi wa nane, vigingi vikang'olewa. Kampuni ya jua ilileta washauri wengine, na Jumamosi iliyopita tulifanya baraza upya. Aliyefasiri ni mwalimu mmoja wa Matsangoni. Hakufikii, ila alitosha. Safari hii karatasi zilikuwa mbili, moja ya mahudhurio na moja ya uamuzi, na kila moja ilisomwa kwa sauti kabla ya kalamu kushikwa. Waliokubali ishirini na wawili. Waliokataa arobaini na mmoja. Malisho yanabaki ya kijiji.

Kuna jambo nilikuficha. Mimi ni mmoja wa wale ishirini na wawili. Niliutaka mradi ule tangu siku ya kwanza. Walituahidi umeme na maji ya bomba, nawe uliwafasiri vizuri hata nikawaamini. Nilipokuandikia usiape, nilikuwa nafikiria masomo yako, na nilikuwa nafikiria umeme pia. Kipi kilitangulia, sijui. Nilijua pia kwamba pingamizi la kusema hatukuelewa lisingefika mbali.

Baada ya hesabu, mwenyekiti wa baraza aliniuliza mbele ya watu wote kama nina la kusema. Nilimwambia wamehesabu sawa.

Babako,
Randu