Picha ya Mama Yake Dhondup

Yves mwanangu, huko Gulfton,

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei. Hapa Grand Prairie tuko wazima. Dada yako Inès amepata kazi ya kulea wazee. Jumapili napika sombe, yale majani ya mihogo uyapendayo, na sahani yako naiweka mezani.

Unamkumbuka Dhondup, yule Mtibeti ninayefanya naye kazi ghalani? Ametengeneza filamu peke yake, juu ya watu wa kwao wanaodai haki bila kurusha hata jiwe. Mama yake yumo, alirekodiwa kwa siri. Juzi akapata habari kuwa mama amefariki. Miaka yote hakuthubutu kumpigia, maana simu yake ingempelekea mama polisi.

Tukamfanyia matanga hapa kwangu. Nikamwomba picha ya marehemu. Akaleta ya kwenye filamu, uso umetiwa ukungu.

Nikamwambia, “Baba, leta yenye uso.”

“Mama Yves, ndugu zangu bado wako kule. Polisi wakimtambua yeye, watawakamata wao.”

Tukawasha mshumaa mbele ya ukungu ule, tukalia.

Yves, ukinipigia mimi, hakuna polisi atakayegonga mlango. Wewe unaogopa nini?

Mama yako, ambaye bado ana uso,
Annonciata